Uso wa Mama Deo

Tulimzika Dada Restituta mwezi uliopita, Chanji, baada ya misa ya mchana, mvua ikitishia bila kunyesha. Mpwa wake alisoma wasifu wa marehemu akiwa ameishika karatasi kwa mikono miwili kwa sababu ya upepo. Alisema marehemu alizaliwa Kirando kando ya ziwa, akasomeshwa na masista, akaajiriwa serikalini, akafanya kazi Dar es Salaam mpaka alipopunguzwa kazini, hakujaliwa mtoto, alikuwa mcha Mungu na mpenda watu. Basi. Nilisubiri nisikie neno kamera na sikulisikia. Kwaya ikaanza kuimba, na mimi nikajikuta nimemwinamia mama aliyesimama karibu yangu, mtu nisiyemjua kabisa, nikamwambia, "Huyu alikuwa mpiga picha za sinema. Mwanamke wa kwanza katika idara yao kushika kamera." Yule mama akaniangalia kwa huruma, kama unavyomwangalia mtu aliyechanganywa na msiba, akanipa leso yake nifute machozi. Nilikuwa silii. Nilikuwa nimekasirika, na hasira hiyo haijanitoka mpaka leo ninapoandika, maana aliyesahaulika pale makaburini ndiye aliyenifundisha kutazama.

Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, matokeo yametoka na hayakunipeleka popote, nami nilikuwa nahudumia wateja katika hoteli ya shangazi yangu karibu na stendi ya Sumbawanga. Hoteli yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye meza nne na mabenchi, jiko nyuma, kuta za rangi ya bluu mpaka usawa wa kiuno na juu yake chokaa iliyogeuka kahawia kwa moshi. Januari huku kwetu ni ukungu na matope. Madereva wa malori ya mpakani Kasesya waliingia wakinuka dizeli na makoti mabichi, wakaagiza chai ya maziwa na ugali wa ulezi kwa maharage, wakazungumza kwa kupiga kelele kana kwamba injini bado inanguruma. Asubuhi moja waliingia watu wanne waliotoka Dar es Salaam na Landrova ya serikali. Watatu wanaume, mmoja mwanamke aliyevaa suruali na sweta la kiume, nywele amesuka mabutu mawili tu kama mtu asiye na muda. Alikaa peke yake mwisho wa benchi, karibu na dirisha, akaweka sanduku jeusi la bati kwenye mapaja badala ya kuliweka chini. Nikiwa napita na sinia nilisikia madereva wawili wakinong'ona.

"Yule mwanamke ni mke wa nani kati yao?"

"Mpishi wao yule."

"Mpishi gani anakuja kula hotelini?"

Nilipomletea chai nilitaka kufunga dirisha, maana baridi ilikuwa inaingia. Akanizuia mkono. "Liache, mdogo wangu. Mwanga ndio kwanza unafika." Sikumwelewa. Niligeuka kutazama alikokuwa anatazama, na nikaona meza ya madereva, mvuke wa chai, mikono mikubwa imezunguka vikombe, mambo niliyoyaona kila siku. Alikuwa anayatazama kwa makini namna ambayo sijawahi kuona mtu mzima akitazama vikombe. Huo ndio mwanzo wetu.

Kisa chao nilikipata kidogo kidogo. Walitumwa na idara ya filamu ya serikali kutengeneza sinema ya mkulima bora wa Ufipa, tangu kulima mpaka kuvuna, mwaka mzima. Kiongozi wao, mwongozaji wa filamu, alikuwa Bwana Zuberi, mtu wa Tanga, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Wengine walikuwa dereva aliyeitwa Kasimu na mpiga picha mkuu wao, ambaye macho yalikwisha kuwa ya njano siku ile ile alipoingia hotelini kwetu. Kabla wiki haijaisha alirudishwa Dar kutibiwa manjano. Zuberi akapiga simu ya upepo kuomba mtu mwingine. Akajibiwa kwamba mtu atatumwa, na kwa muda aendelee na Restituta. Muda huo ukawa mwaka mzima, kwa sababu mtu hakutumwa. Restituta alikuwa amesomea kamera miaka mitatu katika nchi moja ya baridi huko Ulaya Mashariki, akarudi na cheti kizuri, na idara ikampa ufunguo wa stoo ya lenzi. Miaka minne alifuta lenzi za wanaume na kuwapangia kwenye masanduku. Huku Ufipa alikuja kama msaidizi wa kubeba. "Mwenzangu aliumwa ini, mimi nikapata kazi," aliniambia siku moja, bila kucheka. "Naombea apone, na naombea asirudi. Mungu atajua la kufanya."

Walihitaji mtu wa kuwatafsiria Kifipa. Kifipa cha Restituta kilikuwa cha ziwani, halafu amekaa nacho shuleni bila kukitumia. Wazee wa huku juu walikicheka mbele yake. Shangazi alikubali niende kwa sharti moja, kwamba nilale chumba kimoja na "yule dada wa suruali". Ndivyo nilivyohamia Kizwite, katika nyumba ya kupanga yenye vyumba vitatu na dari la mbao nyembamba lililopitisha kila neno. Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili vya kamba, jiko la mkaa tuliloliingiza ndani jioni na kulitoa kabla ya kulala, na masanduku ya filamu yaliyopangwa ukutani juu ya matofali ili yasiguse unyevu. Betri zilipewa blanketi zito kuliko langu. Nilipolalamika alisema mimi nikipata baridi nitatetemeka tu, betri ikipata baridi inakufa. Tulikula kande, dagaa wa Kirando aliowakaanga mwenyewe kwa vitunguu vingi, na Jumapili viazi vitamu vilivyofukiwa majivuni. Usiku ulipoingia alinifundisha kupakia filamu. Mkanda haupaswi kuona mwanga, kwa hiyo unatiwa ndani ya mfuko mweusi wenye mikono kama ya koti. Unaingiza mikono yako na kufanya kila kitu kwa vidole. Alinipa kipande cha mkanda ulioharibika, akanifumba macho kwa kitenge, akasema, "Fungua. Tafuta matundu. Pitisha. Sikiliza ukisikia unakwaruza, simama." Nilikwaruza wiki nzima. Siku niliyofaulu hakunisifu. Alichukua kisanduku kilichojaa filamu nzima, iliyo mpya, akaniwekea mikononi. Nadhani sijawahi kuaminiwa namna ile tena, wala na mume niliyekuja kuolewa naye.

Mkulima bora aliitwa Mzee Apolinari. Alikaa katika kijiji kimoja nje kidogo ya barabara ya Kasesya, mahali ambapo ardhi iko wazi kabisa, majani tu na anga, na mtu anaonekana akija tangu mbali. Alikuwa amechaguliwa na wakubwa wa kilimo kwa sababu alikubali mbolea ya viwandani na jembe la ng'ombe. Alikuwa mzee mrefu, mstaarabu, aliyevaa koti la suti kila tulipokuja, hata shambani. Mkewe, Mama Deo, ndiye aliyekuwa shambani kweli kweli. Februari nyasi zikiwa zimerefuka, alikuwa anazikata kwa jembe, anazigeuza, anazifukia ndani ya matuta ya mviringo, yale tunayoyaita ntumba, ili zioze na kuwa mbolea ya msimu ujao. Hivyo ndivyo walivyolima mama yake na bibi yake. Mbolea ya viwandani ilikaa ghalani kwenye magunia ikisubiri siku ya kupigwa picha.

Siku ya kwanza Mama Deo hakutaka kamera imsogelee. "Hicho kidude kinachukua nini?" aliniuliza kwa Kifipa. Nikatafsiri. Restituta hakueleza kitu. Aliisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, akamgeuzia mumewe aliyekuwa amesimama mbali na koti lake, akamwita mama aje aangalie mwenyewe. Mama Deo akafuta jicho kwa upande wa khanga, akainama, akachungulia. Halafu akaanza kucheka, anacheka huku amefunika mdomo kwa mkono wa kushoto, mpaka akalazimika kukaa chini kwenye nyasi. "Kumbe ni mdogo hivi!" alisema akimwonyesha mumewe. "Miaka yote hii namwogopa, kumbe anaenea mule ndani!" Mzee Apolinari akauliza kuna nini. Hakuna aliyemweleza, ingawa hakuhitaji.

Tangu siku hiyo Mama Deo alikuwa halali ya kamera. Kamera yetu ilikuwa ya kukazwa kwa mkono kama saa ya mezani. Ukiikaza mpaka mwisho inakwenda kitambo kidogo tu, halafu inakata. Kwa hiyo Restituta hakupiga ovyo. Angeweza kukaa nusu ya asubuhi amepiga goti kwenye matope, jicho kwenye kioo, anasubiri ukungu upungue upande mmoja wa uso wa yule mama, halafu anabonyeza, mashine inalia kama nyenje, inakata, na yeye anapumua. Mimi nilishika mwavuli na kumhesabia mikanda iliyobaki. Mikanda ilikuwa ya mgawo, na yote ilikuwa ya Mzee Apolinari na mbolea.

Zuberi aligundua. Hakuwa mjinga, alikuwa anaona mikanda inakwisha haraka kuliko kazi. Jioni moja ya Machi, mimi nikiwa nachambua mchele chumbani, Restituta alikwenda upande wa pili kuongea naye, na dari likaniletea yote.

"Restituta, mimi nimetumwa mbolea. Mbolea. Siwezi kurudi na bibi anakata nyasi."

"Na mbolea anaiweka nani shambani, kaka Zuberi?"

"Ataiweka mzee."

"Umemwona akishika jembe tangu tumefika?"

Nilimsikia Kasimu akikohoa kicheko.

"Nisikilize, dada yangu," Zuberi alisema kwa sauti ya chini, na hakuna ukali hata kidogo ndani yake, jambo ambalo liliniogopesha zaidi. "Hujui kule kwa wakubwa kulivyo. Nikikosea mimi nitaambiwa nimekosea. Ukikosea wewe watasema tuliwaambia mwanamke hawezi, na hatapewa mwingine tena. Piga mbolea. Piga vizuri. Mengine utapiga siku ukiwa mkubwa."

Alirudi chumbani, akakaa kitandani, akanisaidia kuchambua mchele. Baada ya muda akasema, "Anasema kweli." Halafu, "Kesho tunaamka mapema. Nataka kumpata Mama Deo anapowasha moto." Akaendelea na yote mawili. Alipiga mbolea vizuri sana, magunia yanafunguliwa, koti la suti, ng'ombe, kila kilichotakiwa, na kwa kubana hapa na pale akaokoa mikanda ya Mama Deo. Akiwasha moto. Akipembua ulezi. Akimpigia kelele mbuzi. Akiwa amekaa tu mlangoni mvua ikinyesha, hafanyi lolote, uso peke yake, mpaka mashine ikakata. Alipomaliza picha ile aliniambia, "Leo, hata wakinifukuza kesho, hii nimeipiga."

Mama Deo alikufa Julai. Ilikuwa baridi ile ya kuuma mifupa, ulezi umevunwa, watu wanatwanga. Alianza kukohoa, akasema ni vumbi la kupembua. Kasimu alimpeleka hospitali ya mjini kwa Landrova yetu, Restituta akiwa nyuma amempakata kichwa. Alikaa siku chache wodini akafariki. Hospitali walisema kifua. Kijijini watu walisema mengi, na wachache, hawakuficha, walisema ni kile kidude. Mzee Apolinari ndiye aliyewanyamazisha. Siku ya mazishi Zuberi alimwambia Restituta taratibu kwamba mazishi yangekuwa picha nzuri ya mwisho. Restituta alimwangalia tu, akaenda kukaa na wanawake jikoni, akamenya viazi mpaka jioni.

Tulipokwenda kuaga matanga, mzee alituita ndani. Nyumba ilikuwa na giza, harufu ya moshi na ulezi, mwana wao Deo amekaa pembeni ameinamisha kichwa. Hawakuwa na picha ya marehemu hata moja. Hakuna aliyewahi kumpeleka studio, na kitambulisho hakuwa nacho. Mzee alimwuliza Restituta kwa Kiswahili, ili asikosee.

"Binti, ndani ya mashine yako, mama Deo yumo?"

"Yumo, baba."

"Amekaa vizuri?"

"Amekaa vizuri sana."

"Nitamwona?"

"Utamwona, baba. Nitakuja naye mwenyewe."

Nimelifikiria jibu hilo miaka mingi. Alikuwa na kila sababu ya kulitoa. Mikanda ilikuwepo, ameipiga yeye, nimeipakia mimi. Ni nani angefikiri kwamba kitu ulichokipiga kwa jicho lako na mkono wako kinaweza kuwa si chako?

Walirudi Dar mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza. Mikanda ikapelekwa nje ya nchi kusafishwa, kama ilivyokuwa desturi wakati ule, ikakaa huko miezi. Restituta alinitumia salamu kwa madereva: bado, bado, imefika, wanaikata. Wakati wa kuikata na kuiunga alikuwa ametumwa Mtwara kupiga ufunguzi wa daraja. Aliporudi ikawa imekwisha kukamilika na kuonyeshwa wakubwa, nao wamepongeza. Gari la sinema lilipopangiwa kuja Rukwa, aliomba aandamane nalo. Aliniambia aliposhuka, mbele ya hoteli ya shangazi, vumbi mpaka kwenye nyusi, "Sijaiona. Niliiomba, wakaniambia utaiona huko huko." Alikuwa anatabasamu, lakini aliniuliza kama nina maji ya kunywa, akanywa vikombe viwili mfululizo.

Walionyesha mchana, katika ukumbi wa parokia, madirisha yamefunikwa mablanketi. Mzee Apolinari alikuwa amekuja na lori la mahindi tangu alfajiri, amevaa lile koti, Deo pamoja naye, na mke wa Deo mwenye mimba kubwa. Tuliwakalisha benchi la mbele. Restituta hakukaa. Alisimama nyuma karibu na mashine ya kuonyeshea, pamoja na kijana wa idara aliyeiendesha. Sinema ikaanza kwa ngoma na majina. Kwenye upigaji picha liliandikwa jina la yule mwenzake aliyeugua manjano. Niligeuka kumtazama. Hakuonyesha kitu. Baadaye Zuberi alimwapia kwamba yeye aliliandika jina la Restituta, na kwamba liligeuzwa huko juu. Restituta alimwamini. Mimi mpaka leo sijui.

Ilikuwa sinema nzuri, niseme kweli. Ukungu ule ulikuwa ukungu wetu. Watu walipiga makofi kumwona Mzee Apolinari mkubwa kama mlango wa kanisa. Magunia yakafunguliwa, ng'ombe wakalima, sauti ya mwanaume ikaeleza faida za mbolea. Mzee alikuwa anatazama huku ameegemea mbele, viganja juu ya magoti, anasubiri. Ulezi ukavunwa. Magunia yakapakiwa kwenye lori. Karibu na mwisho akaonekana amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, amechoka kazi, na kutoka ukingoni mwa picha ukaingia mkono ulioshika kibuyu cha togwa, ukampa, ukatoka. Halafu bendera, ngoma, mwisho. Taa ikawashwa.

Watu walikuwa wanashangilia. Mzee hakugeuka. "Ule mkono," alisema. "Deo, umeuona? Ule ni mkono wake. Kidole kile alikiunguza kwa chungu." Nilisikia nyuma yetu Restituta akimwambia yule kijana arudishe mkanda. Kijana akasema kuna sinema ya pili inasubiri, ya chanjo, na yeye atakuja kuulizwa. "Sema ni mimi," Restituta alisema, akaugeuza mkanda mwenyewe, taa ikazimwa tena. Watu wakaguna. Ukutani mzee akakaa tena kwenye kigoda, mkono ukaingia, ukatoka. Akaurudisha mara ya pili. Mkono ukaingia, ukatoka. Watu walikwisha kuelewa kuna jambo, na mke wa Deo alikuwa analia.

Mzee Apolinari alisimama, akamfuata Restituta kule nyuma. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

"Nashukuru, binti. Na uso uko wapi?"

"Uko Dar es Salaam, baba," Restituta alisema. "Nitauleta."

Hakuuleta. Sitaki mtu afikiri kwamba hakujaribu. Aliomba mabaki ya mikanda, akaambiwa ni mali ya serikali na hayatoki. Akaomba aruhusiwe kuyaangalia tu, akaambiwa aandike. Akaandika. Akabadilishiwa bosi, akaomba upya. Alipiga filamu nyingine mbili kwa jina lake mwenyewe, moja ya kiwanda cha nguo na moja ya visima, halafu idara ikakosa fedha ya mikanda, video zikaingia, wakaambiwa wakae ofisini wasubiri. Akakaa kwenye meza isiyo na kazi, mwanamke wa miaka thelathini na kitu mwenye jicho lile, mpaka walipopunguzwa. Mimi aliniombea nafasi ya mafunzo Dar. Nilisubiri kuitwa miaka miwili. Ningekwenda tu bila kuitwa, labda mambo yangekuwa mengine, labda tungekuwa wawili kwenye meza ile isiyo na kazi. Badala yake nilinunua kamera ya mkononi, nikafungua studio nyuma ya soko, na nimepiga picha za watu wa mji huu mpaka simu zilipokuja kuniondoa kazini. Nimepiga akina mama wengi. Kila mama mzee aliyeingia studio nilimkalisha upande ule wa mwanga, na kila mara nilijiuliza kwa nini mwaka ule, miezi yote ile, hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kumpiga Mama Deo picha ya kawaida, ya karatasi, ya kuweka ukutani. Tulikuwa na kitu kikubwa zaidi, tulidhani.

Siku ilipofika ambapo Restituta aliruhusiwa kuingia stoo, alikuwa amestaafu kwa lazima kitambo, na aliyempa ruhusa alikuwa binti wa kizazi kipya aliyemwonea imani. Mzee Apolinari alikuwa amekwisha kufa. Restituta alilikuta kopo, maandishi yake yako juu. Alipolifungua, alinieleza kwa simu, harufu ya siki ilimpiga usoni akarudi nyuma. Mkanda ulikuwa umeshikana kama sukari guru iliyoloa. Alijaribu kuuvuta kidogo, ukakatika.

Alirudi Sumbawanga kuishi, akajenga vyumba viwili Chanji, ugonjwa wa mtoto wa jicho ukamwingia macho yote mawili. Miaka michache kabla hajafa aliniomba nimpeleke kijijini. Tulikodi bajaji mpaka barabarani, tukatembea polepole nimemshika mkono. Sasa kuna umeme, mabati kila nyumba, na ng'ombe wengi wa Wasukuma waliohamia huko. Deo na mkewe walikwisha kufa. Tulipokewa na binti yake, Fidea, yule aliyekuwa tumboni ukumbini, aliyepewa jina la bibi yake. Alitusalimu shikamoo, akatukaribisha ndani, akatuletea chai na mahindi ya kuchoma. Alikuwa anajua habari zetu zote. Alisubiri Restituta amalize chai, ndipo akauliza.

"Mama, bibi yangu alikuwa na sura gani? Hapa hakuna aliyebaki wa kuniambia. Wanasema tu alikuwa mzuri."

Restituta aliweka kikombe chini. Akamweleza uso ule kama mtu anayepita juu yake na mkono. Paji la uso pana, mshipa katikati unaojitokeza akicheka. Jicho la kulia dogo kidogo kuliko la kushoto, ndiyo maana asubuhi alimpiga upande wa kushoto. Mashavu yameingia ndani kwa sababu magego ya juu yalikwisha ng'oka. Mwanya. Chale mbili ndogo kila upande, karibu na sikio. Ngozi inayong'aa kwenye mfupa wa shavu hata siku ya ukungu. Fidea alikuwa ameacha kutafuna. Ilipokwisha akamwita binti yake mdogo aliyekuwa nje anafua, akamsimamisha mlangoni kwenye mwanga.

"Watu wanasema huyu ndiye amemrudia. Ni kweli, mama?"

Restituta akamwomba msichana asogee, akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku karibu kabisa na macho yake mabovu. Alikaa muda mrefu. Mimi nilikuwa naomba moyoni aseme ndiyo.

"Hapana," alisema. "Hafanani naye hata kidogo."

Fidea akacheka, kicheko cha kuficha jambo, akamruhusu mtoto arudi kufua. Njiani nilimgombeza Restituta. "Ungesema ndiyo tu, dada. Ungepungukiwa na nini?" Alitembea ameegemea mkono wangu.

"Walishamkata mara moja, mdogo wangu. Mimi nisimkate tena."

Nami nilimwona Mama Deo kwa macho yangu, karibu nusu mwaka, nimekula kwake, nimeshika mwavuli juu ya kichwa chake. Tangu mazishi nimekuwa nakaa hapa Kizwite asubuhi, dirisha wazi, nafumba macho na kujaribu kuuona uso wake. Hauji. Kinachokuja ni sauti ya Restituta ikiutaja, paji, jicho, shavu, mwanya, na inapofika mwisho inanyamaza.